Maswali ya Wasomaji: Joto la Mtwara na Lindi na Jasho Lisilokauka

Tangu mwishoni mwa Oktoba, barua nyingi zinazoifikia safu hii kutoka Mtwara na Lindi zimebeba kilio kimoja, nacho ni joto. Nimechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi, na wale ambao hali zao zinahitaji kuonwa na daktari ana kwa ana nimewaandikia kando niwahimize wasingoje gazeti. Majina ya waandishi hayatajwi, kama ilivyo desturi yetu.

Mama Mshauri, shikamoo. Nimehamishiwa Mtwara nikitokea Dodoma, ambako nilizoea jua kali. Nashangaa kwamba simu yangu inaonyesha nyuzi 32, joto nililolistahimili kule bila taabu, lakini hapa nachoka kabla ya saa nne asubuhi, shati limelowa, na usiku silali. Je, mwili wangu umepata hitilafu, au joto la hapa ni la aina nyingine?
*Mtumishi wa umma, Shangani, Mtwara*

Marahaba, mwanangu. Mwili wako hauna hitilafu. Namba uliyoiona kwenye simu ni joto la hewa peke yake, wala haisemi lolote kuhusu unyevu uliomo ndani ya hewa hiyo, na unyevu ndio unaoitofautisha pwani yetu na Dodoma, ambayo imekaa juu ya uwanda mkavu wenye mwinuko unaozidi mita 1,000. Mwili wa binadamu hauna budi kubaki karibu na nyuzi 37, na hewa inayouzunguka inapokaribia joto la ngozi, njia kubwa unayobaki nayo ya kulitoa joto lake ni jasho. Lakini kinachotupoza si kutoka kwa jasho, bali ni kukauka kwake. Lita moja ya jasho ikikauka yote juu ya ngozi huondoka na joto la takriban kilokalori 580, ilhali lita hiyo hiyo ikitiririka mgongoni hadi kiunoni inakupunguzia maji na chumvi tu, na joto linabaki pale pale. Kule Dodoma ulikuwa ukitokwa na jasho bila kuliona kwa sababu hewa kavu ililichukua papo hapo. Hapa hewa imekwisha kushiba mvuke wa bahari na haina haraka ya kupokea mwingine.

Majira nayo yana sehemu yake. Mtwara na Lindi ziko kusini mwa ikweta kwa nyuzi 10 hivi, kwa hiyo jua la adhuhuri hupita utosini mwetu karibu na tarehe 20 Oktoba, kisha tena katika siku za ishirini na kitu za Februari, na katikati ya tarehe hizo halisogei mbali. Mabaharia wa Mikindani na Kilwa watakueleza lililobaki: upepo wa kusi huwa umekwisha kulegea, kaskazi haijashika, na katika hiyo tangambili kuna siku ambazo hata jani la mnazi halitikisiki. Mawingu ya mvua isiyonyesha nayo hulizuia joto la mchana lisipande juu usiku. Ndiyo maana Novemba huwachosha watu wengi kuliko Januari, ijapokuwa vipimo havitofautiani sana.

Mwili hujizoeza joto kwa muda wa wiki moja hadi mbili, mradi usiutoe kwenye joto hilo kila saa. Mtu anayeshinda ofisini kwenye kiyoyozi na kulala kwenye kiyoyozi atabaki mgeni wa Mtwara hata baada ya miaka mitatu. Wakati mwili unajifunza, usaidie jasho likauke: vaa pamba nyepesi iliyolegea badala ya polista, kaa mahali penye mwendo wa hewa, na ukirudi nyumbani oga maji ya kawaida kisha ukae mbele ya feni kabla hujajifuta. Maji hayo yaliyobaki juu ya ngozi yatafanya kazi ya jasho bila kukugharimu chumvi. Na kama wakuu wa ofisi wanaisoma safu hii, naomba waniwie radhi nikisema kwamba tai na koti mwezi wa Novemba katika mji wa pwani havimwongezei mtumishi heshima yoyote, ila vinampunguzia kazi anayoweza kuifanya.

Nyumba yangu ni ya tofali za simenti na bati, haina dari. Mchana ndani hapakaliki, na hata saa tano usiku ndani ni moto kuliko uani. Mke wangu hunyunyiza maji sakafuni na kufunga madirisha ili ubaridi usitoke, lakini sioni nafuu. Sina uwezo wa kununua kiyoyozi. Nianzie wapi?
*Fundi pikipiki, Mtanda, Lindi*

Kaka yangu, maji ya mkeo yangefaa Dodoma kwa yule mtumishi niliyemjibu hapo juu. Hapa Lindi, katika chumba kilichofungwa, maji yale yanageuka mvuke na kuongeza unyevu ambao tayari ndio adui, kwa hiyo baada ya dakika chache za ubaridi miguuni mnabaki na chumba ambamo jasho halikauki kabisa. Akitaka kunyunyiza, anyunyize huku milango na madirisha yako wazi na upepo unapita, au bora zaidi, maji hayo ayatie kwenye kitambaa na kujipaka mikononi, shingoni na usoni.

Chanzo cha shida yenu kiko juu na pembeni. Bati likipigwa na jua hupata moto kuliko hewa yenyewe kwa mbali sana, na bati lisilo na dari humwaga joto hilo moja kwa moja juu ya vichwa vya waliomo ndani. Kuta za simenti nazo hunywa joto mchana kutwa na kulirudisha usiku, ndiyo maana saa tano uani kumepoa na ndani bado. Kwa hiyo fedha ya kwanza utakayoipata ielekeze kwenye dari, hata ikiwa ni ya chumba cha kulala peke yake, na usimruhusu fundi aizibe nafasi yote iliyo juu yake, kwa kuwa ile hewa moto iliyokamatwa kati ya bati na dari inahitaji matundu pande mbili za paa ili itoke. Nimeona nyumba nyingi zenye dari nzuri isiyo na tundu hata moja, na wenyewe wakilalamika kwamba fundi amewaibia. Dari za mikeka na magunia ni rahisi, ila nyaya za umeme zikipita juu yake bila bomba unaweka kuni juu ya kitanda.

Fedha ya pili nunua rangi nyeupe ya bati. Bati jeupe hurudisha sehemu kubwa ya miale juani, na tofauti yake unaisikia siku ile ile unapoweka mkono chini ya paa. Kama unakinga maji ya mvua kutoka kwenye paa hilo, uliza rangi isiyodhuru maji ya kunywa, na mvua za mwanzo ziache zipite bila kukingwa.

Lisilohitaji fedha ni kivuli na upepo. Kuta zinazotazama mashariki na magharibi ndizo zinazochomwa kwa ukali zaidi, na ule wa magharibi ndio unaowanyima usingizi, kwa hiyo banda la makuti upande huo leo, na mwarobaini uliopandwa leo kwa ajili ya miaka ijayo, vitakusaidia kuliko pazia zito. Kaskazi ikishika itakuja kutoka kaskazini-mashariki. Hakikisha dirisha la upande huo halijazibwa na kabati, na kwamba upande wa pili kuna mahali pa hewa kutokea. Usiku, kama una feni moja tu na nje kumekwisha kupoa, iweke dirishani ikitazama nje kwa nusu saa ili iifukuze hewa moto, kisha uigeuze. Na jiko la mkaa litoke ndani, si kwa sababu ya joto peke yake, bali kwa sababu moshi wake usioonekana, yaani gesi ya kaboni monoksaidi, umewahi kuua familia zilizolala.

Shikamoo Mama. Nina mtoto wa miezi minne ananyonya. Mama mkwe wangu anasema joto hili litamkausha mtoto, na kila nikienda sokoni nakuta amempa maji kwa kijiko. Nesi wa kliniki alinikataza. Nafanyaje nisimvunjie heshima mama? Pia mtoto ana vipele vidogo shingoni.
*Mama wa mtoto wa kwanza, Chikongola, Mtwara*

Marahaba, mwanangu. Nesi wako amesema kweli, na kanuni hiyo haibadiliki kwa sababu ya joto: mtoto wa chini ya miezi 6 hahitaji maji hata siku ya jua kali kuliko zote, kwa kuwa maziwa ya mama yenyewe ni maji kwa kiasi cha asilimia 87 hivi, tena maji yaliyochujwa na yenye chumvi kwa kipimo chake. Maji ya kijiko humjaza tumbo akanyonya kidogo, na anaponyonya kidogo maziwa yako nayo yanapungua. Yakiwa si safi yanamletea kuhara, na kuhara ndiko kutakakomkausha kweli. Na yakiwa mengi yanaweza kuizimua chumvi ya damu yake hata akapata degedege.

Mama mkwe usimwambie kwamba amekosea, maana alilea kwa elimu ya wakati wake na mumeo alikua. Mpe kazi. Mwombe ahesabu nepi: mtoto anayepata maziwa ya kutosha hukojoa mara sita au zaidi kwa siku, mkojo wake ukiwa mweupe, na bibi akijionea mwenyewe nepi sita zilizolowa hatakuwa na haja ya kijiko. Siku ya kliniki nenda naye, amsikie nesi kwa masikio yake. Wewe ndiye unayepaswa kunywa, kikombe kila unaponyonyesha, na mtoto apewe ziwa mara nyingi zaidi hata kama kila mara ananyonya kwa muda mfupi. Weka kanga nyepesi kati ya ngozi zenu ili msigandane kwa jasho, na kwa safari za mchana mtoe kwenye mbeleko kila baada ya muda, kwa sababu mgongo wako nao una joto lake.

Vipele hivyo vya shingoni yaelekea ni harara. Mwogeshe maji ya kawaida, mkaushe vizuri kwenye mikunjo, mwache bila nguo nyakati za joto, na poda uiache dukani, kwa kuwa huziba ngozi na vumbi lake huingia mapafuni. Lakini akikataa ziwa, utosi ukibonyea, mkojo ukipungua, akilegea au akipata joto la nyuzi 37.5 na kuendelea, hilo si la kujadiliana nyumbani. Mpeleke zahanati saa hiyo hiyo.

Mume wangu na watoto wamegoma kulala ndani ya chandarua, wanasema wanakosa hewa. Je, miezi ya joto tunaweza kupumzika?
*Mikindani*

La, dada yangu, hasa miezi hii. Mtwara na Lindi bado ni miongoni mwa mikoa ya Tanzania yenye malaria nyingi, na mvua zikishaanza mbu wataongezeka. Hata hivyo wanaolalamika hawasemi uongo, kwa kuwa chandarua hupunguza kweli mwendo wa hewa, ndiyo maana nakushauri uifanyie kazi hoja yao badala ya kuwagombeza. Chandarua cha pembe nne kilichofungwa juu na kwa upana humwacha mtu apumue kuliko kile cha duara kinachomwangukia usoni. Sogeza kitanda karibu na dirisha lenye wavu, feni uielekeze kwenye chandarua kwa karibu, na kila mmoja aoge kabla ya kulala. Wakiamua kulala uani, nacho chandarua kiende uani.

Mama, baba yangu ana miaka 68 na anatumia dawa ya presha ile ya kukojosha. Juzi saa saba mchana, akiokota korosho, alianza kusema maneno yasiyoeleweka, akaanguka. Majirani walisema amepandisha mashetani. Tukambeba hadi kivulini, tukammwagia maji, akazinduka baada ya muda. Sasa anasema amepona na anataka kurudi shambani, kwa sababu korosho ikilala chini inaharibika.
*Kijana wa Tandahimba*

Mwanangu, mpeleke baba hospitali leo, hata kama anatembea na kucheka. Ulichokieleza kinafanana sana na kiharusi cha joto, hali ambayo mwili hupita nyuzi 40 na ubongo kuanza kuathirika, na madhara yake kwenye figo na ini yanaweza kujitokeza siku moja au mbili baadaye, mtu akiwa amekwisha kurudi kwenye bao. Tena maneno yasiyoeleweka na kuanguka vinaweza kutokana na malaria kali, sukari kushuka au kiharusi cha kawaida, na hakuna awezaye kuvitenganisha kwa macho chini ya mkorosho.

Mliyoyafanya yalikuwa sahihi, na nawapongeza. Nayaeleza kwa ajili ya wengine. Mtu anayeumwa kichwa, anayesikia kizunguzungu, kichefuchefu au kukakamaa kwa misuli baada ya kazi ya juani, lakini akili yake iko sawa, amechoshwa na joto: apumzishwe kivulini, alegezwe nguo, apewe maji taratibu, na kama hana nafuu ndani ya saa moja apelekwe zahanati. Akishaanza kuchanganyikiwa, kupepesuka, kutapatapa au kuzimia, hapo ni dharura ya kufa na kupona, na kumpoza kuanze kabla ya kutafuta bodaboda. Mvueni nguo za juu, mmwagieni maji mwili mzima, mmpepee kwa nguvu bila kukoma, na vitambaa vilivyolowa viwekwe shingoni, makwapani na kwenye mapaja ya ndani. Aliyezimia alazwe ubavu na asinyweshwe kitu. Panado haina kazi hapa, kwa kuwa hii si homa inayotokana na ugonjwa. Najua kwamba huko juu ya uwanda wa Makonde ndoo ya maji si kitu cha kumwaga ovyo. Basi kanga moja iliyolowa, ikifunikwa mwilini na kupepewa hadi ikaribie kukauka kisha ikaloweshwa tena, hufanya kazi kubwa kwa maji machache.

Kuhusu dawa, baba asiiache kwa uamuzi wake, maana presha nayo inaua. Amweleze daktari kwamba anafanya kazi juani, kwa sababu dawa za kukojosha hutoa mwilini maji na chumvi ambavyo jasho nalo linavitoa, na daktari anaweza kubadili kipimo au aina. Umri wake una neno pia: kiu ya mzee huchelewa kuja, kwa hiyo kumngoja aseme ana kiu ni kumngoja apungukiwe kwanza.

Akiruhusiwa kurudi shambani, saa ndizo zibadilike. Novemba jua la kwetu huchomoza kabla ya saa kumi na mbili kamili asubuhi. Aanze wakati huo, aondoke saa nne, na kilichobaki kiokotwe na ninyi vijana kuanzia saa kumi alasiri. Korosho iliyolala chini mchana mmoja wa jua haiharibiki, ni mvua ndiyo inayoiharibu, na hilo baba analijua kuliko mimi. Anayefanya kazi kwenye joto anywe kikombe cha robo lita kila baada ya dakika 15 hadi 20, bila kuzidisha lita moja na nusu kwa saa. Akitokwa na jasho kwa saa nyingi, apate na chumvi: chakula cha kawaida chenye chumvi kinatosha kwa wengi, na kwa aliyelegea changanya lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Dafu ni zuri lakini lina chumvi kidogo. Uraka, yaani pombe ya mabibo, ambao najua uko tele msimu huu, humkojosha mtu na kumdanganya kwamba hana joto. Ungojee jua litue, na kwa baba mwenye presha usingojewe kabisa.

Wazee wa hapa wanasisitiza kwamba chai ya moto hupoza mwili na maji ya barafu yanadhuru. Ni kweli?
*Nachingwea*

Chai ya moto huongeza jasho, na jasho hilo likikauka lote, mwili hupoa kidogo. Kwa hiyo wazee wana hoja palipo na hewa kavu na upepo, ilhali kwenye chumba chenye unyevu watakuwa wamejiongezea joto tu. Maji ya baridi hayamdhuru mtu mzima mwenye afya, na yale ambayo mtu anayapenda ndiyo atakayoyanywa ya kutosha. Mimi binafsi nachagua ya mtungini.

Tulinunua vibua jioni, tukavikaanga vizuri, havikuwa na harufu yoyote mbaya. Baada ya nusu saa wote tuliokula tukawashwa, nyuso zikawa nyekundu, vichwa vikagonga. Tulirogwa?
*Mama lishe, Lindi mjini*

Hamkurogwa, mama. Vibua, jodari na samaki wa jamii yao wakikaa kwenye joto, bakteria huigeuza sehemu ya nyama yao kuwa histamini, kemikali ile ile ambayo mwili huitoa mtu anapopata mzio, na kukaanga hakuiondoi, wala pua haiwezi kuitambua. Samaki aliyekaa mezani tangu asubuhi bila barafu anaweza kuonekana mzima na akawa tayari nayo. Nunua asubuhi boti zinapoingia, au kwa muuzaji mwenye barafu inayoonekana, mtoe matumbo mara moja na umweke kwenye barafu mpaka dakika ya kumpika. Aliyekwisha kula na kuwashwa aende zahanati apewe dawa ya mzio, na anayeshindwa kupumua akimbizwe.

Kwa kuwa unauza chakula, niongeze hili ambalo hukuuliza. Mchuzi wa nazi, wali na maharage vilivyopikwa visikae nje ya jokofu zaidi ya saa 2, na siku ambazo joto linapita nyuzi 32 visizidi saa 1 kama haviko juu ya moto. Afadhali upike sufuria ndogo mara mbili, moja ya saa sita na nyingine ya saa nane, kuliko kubwa moja ya asubuhi inayosubiri wateja wa mchana.